Chakula cha Karani

Ijumaa ile Karani alifika kilo saba na robo tatu. Mshonaji aliusoma mshale wa mizani, akaugonga kwa ukucha, akausoma tena. Mshale haukuona haya. Ulibaki palepale.

Kikapu kilikuwa kimening'inia kwenye kulabu mlangoni mwa jiko, na ndani yake ameketi mbwa mdogo mweupe, nywele za kujisokota, miguu ya mbele imepangwa sawasawa kama ya mtu anayesubiri kugonga muhuri. Kwa mkao huo marehemu mama mkwe alimpa jina la Karani, na jina likamkaa.

"Hebu niambie, baba," Mshonaji akasema. "Unakula wapi wewe?"

Karani akapiga chafya, akalamba pua.

Alimshusha, akaenda kuandika kwenye karatasi iliyochomekwa ukutani kwa pini. Karatasi ile alipewa na daktari wa mifugo wiki nne nyuma, ampime mbwa kila Jumatatu na kila Ijumaa. "Mbwa wa umbo hili haki yake ni kilo tano," daktari alimwambia mbele ya watu waliopanga foleni na kuku na mbuzi wao. "Akifika nane, msimlete kwangu tena. Mtafuteni mwenye jembe." Watu walicheka. Mshonaji naye alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akatoka na mbwa kifuani, akiusikia moyo ule mdogo ukienda mbio kama cherehani isiyo na mtu.

Tangu siku hiyo hakufanya kitu kwa kukisia. Asubuhi alimchana Karani kuanzia nyuma ya masikio hadi mkiani. Pembe za macho alizipangusa kwa pamba na maji ya vuguvugu, kila jicho na pamba yake. Bakuli la maji alilisugua hata kama maji yalikuwa hayajaguswa. Kisha akaitoa mizani ndogo ya shaba, akaweka mawe upande mmoja na punje za chakula kikavu upande wa pili, mpaka visahani viwili vikalingana: gramu arobaini na tano asubuhi, arobaini na tano jioni. Punje ikizidi, aliirudisha kwenye mfuko wa chakula. Yeye hakumwonjesha mbwa kitu kingine. Na bado mbwa alinenepa, akawa anakoroma mchana kama mlinzi wa zamu, na ile ngazi moja ya kuingilia sebuleni akaanza kuitazama kama mlima.

Mizani zote mbili zilikuwa za baba mkwe. Miaka thelathini na mmoja alipima magunia kwenye kinu cha nafaka, na mji mzima ulimwita Mzee Mizani. Sasa alilala chumba cha nyuma, upande wa kulia wa mwili umekufa ganzi kwa kiharusi, na dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani kwa karibu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu matofali bila kunyoosha shingo.

*

Jumamosi jioni mumewe alirudi. Aliendesha lori la kokoto. Zamani alikuwa akilala nyumbani kila siku, lakini miezi mitatu iliyopita kampuni ilihamishia kazi kwenye machimbo ya mbali, ikawa anaondoka Jumatatu kabla ya jua na kurudi Jumamosi na vumbi hadi kwenye kope.

Kabla ya kula aliingia kwa baba yake na beseni la maji, akafunga mlango. Mshonaji alisikia maji, akasikia mzee akiguna, akasikia baba na mwana wakicheka jambo. Alisimama jikoni na sufuria mkononi. Cheko lile halikutoka chumbani humo tangu Jumatatu.

"Mizani imeharibika," Dereva alisema baadaye, akiitazama karatasi. "Haiwezekani mbwa ale punje za kujaza kiganja kimoja akanenepa hivi."

"Nami nilidhani hivyo."

"Ile kubwa ina miaka mingapi? Springi imechoka. Mwambie Baba."

"Mwambie wewe. Mimi nimwambie Mzee Mizani kwamba mizani yake inadanganya?"

Walicheka, lakini Dereva alizibeba mizani zote mbili hadi kitandani. Mzee alisikiliza maneno yote bila kukatiza. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akaomba jiwe la kilo. Akalishika, akalipandisha na kulishusha mara mbili. Akaomba litundikwe kwenye kulabu. Mshale ukaenda ukasimama kwenye kilo, si juu wala chini.

"Mizani ni nzima," mzee akasema.

"Basi tatizo ni nini, Baba?"

Mzee alilitazama lile jiwe likining'inia. "Mizani haina ndugu," akasema polepole, ulimi wake mzito ukitafuta njia. "Ukiona kimezidi huku, kimepungua kwingine." Akageuza uso akatazama matofali ya jirani. Dereva alidhani baba yake amechoka. Akazima taa.

*

Kulikuwa na utaratibu katika nyumba ile ambao mgeni angeushangaa. Mambo ya kawaida mzee na mke wa mwanawe waliyazungumza uso kwa uso: mvua, taarifa ya habari, jirani aliyepaka rangi nyumba na kusahau kupaka mlango. Lakini mambo ya mwili yalikuwa na ofisi yake. Mama mkwe alipokuwa hai, ofisi ile ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyebeba maneno kutoka chumba cha nyuma kuja jikoni na kurudi. Alipofariki, ofisi ikamwangukia mbwa.

"Karani," Mshonaji angesema, amesimama mlangoni na shuka safi mkononi, "mwambie Baba nataka kugeuza godoro, ashike ukingo."

Na mzee, uso ukutani: "Karani, mwambie mama yako maji ya jana yalikuwa ya moto sana."

Mbwa, ambaye makazi yake yalikuwa miguuni pa kitanda, angemtazama mmoja, akamtazama mwingine, masikio yamesimama. Ujumbe ulifika. Hakuna aliyemtazama mwenzake, na kazi ikafanyika.

Kuna jambo jingine Mshonaji alilolijua na hakuliuliza. Mwanzoni, wiki za kwanza baada ya Dereva kuhamishwa, kazi ya kumwosha mzee, iliyokuwa ya Dereva, ilikuwa nzito: kila siku shuka, kila siku nguo, na kila siku ule uso uliogeukia ukuta na machozi ambayo wote wawili walijifanya ni jasho. Kisha, taratibu, kazi ikapungua. Jumanne shuka zikawa safi. Jumatano safi. Alhamisi zikahitaji kukung'utwa tu. Mshonaji, mwenye furushi la sare za shule mia mbili zinazosubiri vifungo, alimshukuru Mungu akarudi kwenye sindano yake. Mtu aliyechoka akipewa nafuu haulizi imetoka wapi.

Vifungo hivyo ndivyo vilivyobaki katika kazi yake. Zamani aliketi kwenye ukumbi wa kiwanda kati ya vyerehani arobaini, kelele na masimulizi na vijembe vya wanawake vikipita juu ya vichwa. Siku hizi msimamizi alimletea mafurushi mlangoni, akayatupa kizingitini bila kuzima pikipiki. Tangu mzee aanguke, Mshonaji hakuwahi kutoka kwa zaidi ya saa moja. Safari yake ndefu kuliko zote mwaka ule ilikuwa ile ya kumpeleka mbwa kwa daktari.

*

Jumatano wifi alikuja bila taarifa. Alikuwa na duka la mapazia upande mwingine wa mji, na yeye ndiye aliyetuma mfuko wa chakula cha mbwa kila mwezi, kwa sababu mbwa alikuwa wa mama yake.

"Hodi wenyewe! Mpo au mmehama?"

"Karibu, wifi. Tupo. Pita."

Alipita moja kwa moja chumba cha nyuma, viatu bado miguuni, manukato yamemtangulia. Mshonaji aliweka maji ya chai. Alisikia, "Shikamoo Baba, za siku?" kisha akasikia jina lake likiitwa kwa sauti asiyoipenda.

Wifi alikuwa amelifungua shati la mzee na kulishusha begani. Mkono ulionekana hadi begani. Ulikuwa mfupa uliovikwa ngozi iliyozidi.

"Huu ni mkono wa nani?" wifi aliuliza.

"Wifi..."

"Nakuuliza. Maana mimi nilimwacha baba yangu hapa ana mkono wa kiume." Macho yake yakashuka kitandani, yakamkuta Karani amelala chali, tumbo juu, anakoroma. "Na huyu! Mtazame huyu! Si mbwa huyu, ni mto wa kochi. Sasa niambie, kwenye nyumba hii nani anakula chakula cha nani?"

"Baba nampa chakula mara tatu. Sahani inarudi tupu."

"Inarudi tupu kutoka wapi? Wewe unakaa naye akila?"

"Hapendi. Anasema mkono wa kushoto unamwaga, mtu anayejimwagia hatazamwi. Namwachia, nafunga mlango."

"Unafunga mlango." Wifi alimgeukia mzee. "Baba, anakupa chakula huyu?"

Mzee alifumba macho. Mdomo wake ulisogea upande mmoja, kama mtu anayetaka kuanza. Mshonaji alingoja. Karani aliamka, akakaa, akapanga miguu yake, akamtazama mzee naye akingoja.

"Naona usingizi," mzee akasema.

Hapo wifi akashusha pumzi kama aliyepata hati aliyokuwa anaitafuta. "Umeona? Anaogopa hata kusema. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Sikiliza, majirani wasije wakasema sikukuonya. Najua huna mtoto, mbwa ndiye umemfanya mtoto, sikulaumu. Lakini riziki ya baba yangu haitaliwa na mbwa. Jumapili nakuja, kaka yangu awepo. Huyu mnyama naondoka naye. Na Baba tutamtafutia mtu wa kumwangalia, mtu mwenye huruma."

Chai iliiva, ikapoa. Hakuna aliyeinywa. Wifi alipoondoka, Mshonaji alirudi chumbani kulirudisha shati la mzee begani na kufunga vifungo. Vifungo vitano. Vidole vyake, ambavyo hushona mia mbili kabla ya adhuhuri, vilichelewa kwenye kile cha pili. Mzee hakufumbua macho, ingawa wote wawili walijua hajalala.

*

Alhamisi asubuhi alikaa mbele ya ile karatasi kama mwanafunzi mbele ya ubao. Hakujua anatafuta nini. Alisoma namba kwa kidole, juu hadi chini, na aliposhindwa alizisoma kwa mshazari. Jumatatu sita na robo tatu, Ijumaa saba. Jumatatu saba, Ijumaa saba na robo. Jumatatu saba na robo. Ijumaa saba na nusu.

Kidole kikasimama.

Mbwa alikuwa ananenepa kati ya Jumatatu na Ijumaa. Kati ya Ijumaa na Jumatatu hakuongezeka hata chembe. Wiki zote nne. Punje zilikuwa zilezile, mizani ileile, mkono uleule. Kitu kimoja tu kilibadilika nyumbani mwao Jumamosi na Jumapili, nacho kilikuja na lori, vumbi hadi kwenye kope, na beseni la maji.

Alikaa kitako sakafuni. Alikumbuka shuka safi za Jumanne na Jumatano. Alikumbuka kwamba Jumapili mzee hula wali hadi kuomba ukoko.

Mchana alipeleka sahani kama kawaida: viazi vya kupondwa, yai, kipande cha nyama kilichokatwakatwa, na kando bakuli la mchuzi na mkate. Akafunga mlango kama kawaida. Akatembea hatua sita kuelekea jikoni kwa viatu, akavivua, akarudi hatua sita bila viatu, akaweka jicho kwenye ufa wa bawaba.

Mzee alikula vijiko viwili. Alivitafuna muda mrefu, kama mtu anayelipia kitu. Kisha, kwa mkono ule wa kushoto, akaanza kufinyanga viazi tonge moja moja, na Karani, aliyesogea bila kuitwa, akayapokea kwa upole, bila kugusa vidole. Nyama ikafuata. Yai likafuata. Hakuna kilichomwagika. Mkono uliodaiwa kumwaga haukumwaga hata punje. Alipomaliza, mzee aliupangusa mdomo wa mbwa kwa ncha ya taulo, akalifuta bakuli la mchuzi kwa kipande cha mkate, akampa na hicho, akakilaza kijiko ndani ya sahani vizuri, kama mtu aliyeshiba.

"Kula, Karani," alinong'ona. "Mimi nikila, yule mtoto wa watu atateseka."

Mshonaji alirudi jikoni, viatu mkononi. Alifungua bomba ili pawe na sauti nyingine ndani ya nyumba.

*

Jioni ile hakupima punje. Aliingia chumba cha nyuma mikono mitupu, akasimama pale mlangoni, kwenye nafasi yake ya siku zote.

"Karani," alisema. "Mwambie Baba nimeona."

Mbwa alimtazama mzee. Mzee alitazama matofali. Nje mtu alipita akipiga mluzi, akafika mwisho wa uchochoro, mluzi ukaisha.

"Karani," mzee akajibu, "mwambie mama yako, mlango ule una ufa. Nilitaka kuuziba kabla sijaanguka."

"Mwambie Baba atakufa."

"Mwambie mama yako watu hufa."

"Si hivyo. Si kwa njaa, ndani ya nyumba yenye chakula. Na mwambie hata wewe, Karani, utakufa, moyo utakupasuka, daktari kasema. Kila tonge analokupa linawaua wawili."

Mzee alimvuta mbwa karibu, akaingiza vidole kwenye zile nywele alizozichana Mshonaji asubuhi. "Huyu ni wa marehemu," akasema, na hapo hakujulikana anamwambia nani. "Sikumtakia mabaya. Nilidhani... gramu chache tu."

"Karani, mwambie Baba nimezoea. Kumwosha. Nimezoea kabisa, nguo ni nguo, maji ni maji. Mikono yangu haioni."

Vidole vya mzee vilisimama ndani ya nywele za mbwa.

"Mwambie mama yako," mzee alisema, "mimi sijazoea."

Hilo Mshonaji alilijua tangu siku ya kwanza, alipomgeuza mtu aliyemtolea mahari, aliyemwinulia mikono kumbariki siku anaingia nyumba hii, akamfuta kama mtoto mchanga. Alilijua, na aliposhukuru kwa shuka safi alikuwa analikimbia.

"Mwambie Baba," akasema mwishowe, "Jumapili wifi anakuja. Mimi siwezi kusema. Nikisema nitakuwa nimemvua nguo mbele ya watoto wake. Aseme yeye, hata nusu. Hata aseme tu kwamba chakula anapewa."

Mzee alifumba macho. Karani aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaona ofisi imefungwa, akajilaza.

*

Jumapili walikaa chumbani wote, kwa kuwa mzee hakuweza kwenda kwao. Wifi kwenye kiti, Dereva ukingoni mwa kitanda na sahani ya wali, Mshonaji amesimama. Kila tonge Dereva alilolinyoosha, mzee alilipokea. Alikula kama mtu aliyetoka safari. Akaomba maji, akaendelea.

"Umeona, kaka?" wifi akasema kwa utulivu, bila kelele zile za Jumatano. "Mimi sina ugomvi na mtu. Lakini macho si unayo? Kumbe akipewa, anakula."

Dereva aliishusha sahani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache yalikuwa yamechoka. "Mke wangu," akasema, "basi sema. Sema kitu."

Mshonaji alimtazama mzee. Mzee alikuwa na wali mdomoni. Taya zilisimama. Kwa muda chumba kizima kilisubiri ule mdomo, na kila mmoja alisubiri kitu tofauti. Kisha mzee akameza, akaupeleka uso ukutani.

"Chakula nampa," Mshonaji akasema. "Zaidi ya hapo sina."

"Ndiyo hayo," wifi akasema.

"Ndiyo hayo kweli?" Dereva akamuuliza mkewe. Hakujibiwa, na hakuuliza tena. Ndivyo alivyokosea, na hakuwa mtu mbaya. Aliinuka akaenda kuleta kikapu.

Kikapu kilikuwa kilekile cha mizani. Mshonaji alitandika ndani kipande cha shali ya marehemu. Akamweka Karani, naye akakaa, akapanga miguu yake.

"Anachanwa asubuhi," alimwambia wifi. "Uanzie nyuma ya masikio, hapo ndipo nywele zinafungana. Macho kwa pamba na maji ya vuguvugu, kila jicho na pamba yake, la sivyo ugonjwa wa huku unahamia kule. Makucha Jumamosi, ncha tu, ndani kuna damu. Usimpe mfupa wa kuku. Punje gramu arobaini na tano, asubuhi na jioni."

"Mimi sina mizani dukani."

"Basi kiganja kimoja kisichojaa."

"Kiganja chako au changu?"

Mshonaji alinyoosha mkono wake, wifi akanyoosha wake, wakaviweka viganja sambamba juu ya kikapu kuvilinganisha. Vilikuwa sawa. Wifi aliuondoa wake haraka.

"Na usiku," Mshonaji akaongeza, "analala miguuni pa mtu. Si lazima. Lakini ndivyo alivyozoea."

Mlango wa mbele ulifungwa.

*

Jumatatu Dereva aliondoka kabla ya jua. Waliagana vizuri, kama wageni wanavyoagana vizuri. Mshonaji alipiga deki. Aliifuta ngazi ile moja. Akalichukua bakuli la maji la Karani akalisugua, akamaliza, ndipo akakumbuka, akalifunika juu ya rafu.

Alipeleka uji. Akaufunika kwa kisahani, akafunga mlango. Alipiga vifungo vya mashati matatu. Aliporudi, uji ulikuwa haujaguswa. Umeganda juu, na ngozi yake haina hata alama ya kijiko. Hapakuwa tena na wa kuula, na mzee hakuwa na pa kuuficha.

Alisimama mlangoni, kwenye nafasi yake. Mzee alifumbua macho akaitazama ile sehemu miguuni pa kitanda, palipobaki kishimo kwenye blanketi.

"Karani," akaanza, "mwambie..."

Wote wawili walikitazama kile kishimo. Mshonaji alihisi kicheko na kilio vinagombea mlango mmoja, akauma mdomo.

Kisha mzee akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu aanguke. Alijishika ukingo wa kitanda kwa mkono ule mmoja, akajivuta, taratibu, bega, shingo, kichwa, mpaka uso wake ukaachana na ukuta ukamwelekea mlangoni.

"Mwanangu," akasema.

"Abee, Baba."

"Miaka thelathini na mmoja sikumpunja mtu. Hata mwenye kinu alinitaka nipunje, nikakataa." Akapumua. "Nimekupunja wewe. Mbele ya mumeo."

"Yameisha, Baba."

"Hayajaisha. Chukua simu, umpigie huyo binti yangu. Weka sauti ya nje."

"Baba, si lazima."

"Piga."

Simu iliita mara nne. Wifi alipokea akihema. "Ehe, umefanya vizuri kupiga. Huyu mbwa wenu hajala tangu jana. Amekaa mlangoni tu kama mdai. Nimfanyeje?"

"Ni mimi," mzee akasema.

"Baba?"

"Chakula napewa. Kingi. Nilikuwa nampa mbwa, mimi, kwa mkono wangu. Usinikatize, ulimi wangu mzito. Nilimpa kwa sababu ya kuoshwa. Umesikia? Nikila, lazima nioshwe. Huyu ndiye anayeniosha."

Upande wa pili ilisikika sauti ya mkasi ukiwekwa juu ya meza.

"Baba jamani," wifi akasema, sauti imekuwa ya mtoto. "Si ungesema."

"Nasema sasa. Haya, utakuja kuniosha wewe?"

"Mimi... Baba, mimi ni binti yako. Itakuwaje sasa?"

"Itakuwaje. Na huyu hapa ni binti wa nani?"

Wifi alivuta kamasi, akasema atamrudisha Karani Jumamosi, akifunga duka, na atampigia kaka yake mwenyewe leo hii. Akasema, "Wifi, upo hapo?" Mshonaji akasema yupo. Wifi akasubiri maneno yaje, hayakuja, akakata simu.

Basi wakabaki wawili. Jumamosi ilikuwa mbali, lori lilikuwa mbali zaidi, na chumba kilikuwa kilekile, dirisha lilelile, matofali yaleyale. Hakuna mtu aliyekuwa njiani kuja kuwasaidia kwa siku tano. Mzee hakurudisha uso ukutani. Ulikuwa umechoka, lakini aliuacha hapohapo.

Mshonaji alilichukua bakuli. "Uji umepoa, Baba. Niupashe?"

"Upashe," mzee akasema. "Na maji ya beseni nayo uyaweke pembeni, yapate moto pamoja."